Sarafu ya Chiriku

Ilikuwa magharibi, nami naharakisha kufunga. Mke wangu alikuwa ameniagiza mkate, na duka la mikate halingoji mtu. Nilishafunika mizani. Nilishazima taa ya mezani. Ndipo kengele ya mlango ikalia.

Kazi yangu ni kukagua sarafu za kale. Watu huniletea za babu zao, nami nawaambia ipi halali, ipi bandia, na ni ya daraja gani. Naipima uzito, naitazama kwa lenzi, halafu naidondosha mezani nisikilize mlio wake. Ndiyo maana wenzangu wananiita Mzee Mlio. Miaka ishirini na sita, sikuwahi kumdanganya mteja. Hata yule aliyenililia.

Aliyeingia alikuwa bibi mwembamba, amejitanda kitambaa cheusi. Akaingia na harufu ya udongo mbichi, kama kisima kilichochimbwa leo.

"Shikamoo, bibi. Nimeshafunga, njoo kesho."

"Ni moja tu," alinong'ona.

Akaiweka mezani.

Sarafu ya fedha. Ina tundu juu ya kichwa cha mfalme, na kutoka kwenye tundu, mkwaruzo mmoja ulioteremka hadi sikioni.

Niliwasha tena taa ya mezani.

Mkwaruzo ule niliufanya mimi. Mwanangu wa pekee, tuliyemwita Chiriku kwa vile mdomo wake haukujua kupumzika, aliipenda sarafu ile kuliko kitu chochote dukani. Alipotimiza miaka minane nikaitoboa kwa keekee ili aivae shingoni. Mkono ukateleza. Wenzangu walinicheka: sarafu adimu vile, umeigeuza kidani cha mtoto! Chiriku naye alicheka. "Umemkuna sikio, baba!"

Mwaka uliofuata homa ilimchukua kwa siku tatu. Tulimzika nayo shingoni. Shemeji yangu, aliyekuwa amebeba jeneza, alininong'oneza, "Mbona jepesi hivi?" Nilimwambia anyamaze, dada yake asisikie.

Hiyo ni miaka sita iliyopita.

"Umeipata wapi?" nilimuuliza bibi.

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Anasema baba yake anaijua. Wewe niambie tu, fundi. Ni yenyewe, au siyo?"

Niliichukua. Ilikuwa na joto... joto la ngozi ya mtu. Nikaiweka kwenye mizani. Uzito uleule. Nikashika lenzi. Kwenye tundu kulikuwa na uzi, na kwenye uzi, jasho ambalo halijakauka.

Sikuidondosha. Niliogopa mlio wake.

Nilishasikia, kama kila mtu, habari za misukule: wachawi wanamchukua mtu akiwa hai, nyinyi mnazika mfano wake, naye anakwenda kutumikishwa gizani. Sikuwahi kuamini. Lakini pale niliwaza jambo moja tu. Nikisema ni yenyewe, basi mwanangu hakufa. Basi miaka sita yote yuko mahali ananiita, nami nimelala, nakula, nacheka na wateja...

Sikuweza kulibeba hilo.

"Siyo," nilisema.

"Una hakika?"

"Ni bandia. Ondoka nayo."

Bibi alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Ahsante, fundi. Wengine hukubali. Wakikubali, inabidi niwarudishie mtoto wao."

Akatoka. Mlango ulipokuwa unajifunga, nikasikia sauti nje... nyembamba, iliyochoka.

"Amesema siyo yangu?"

Nilipiga kelele. Nilipindua meza, nikatoka mbio. Barabara ilijaa watu wanaorudi makwao. Niliita "Chiriku! Chiriku!" mpaka sauti ikanikauka. Fundi cherehani wa duka la pili akanidaka.

"Bibi wa kitambaa cheusi," nilimwambia. "Bibi na mtoto. Wamepita wapi?"

"Bibi nimemwona," alisema. "Alikuwa peke yake. Ila..." Akaniachia bega. "Ila mkono mmoja kaunyoosha pembeni, kama amemshika mtu."

Nilipofika nyumbani, mke wangu aliuona uso wangu, akakaa chini kabla sijafungua mdomo. Nikamweleza: bibi, tundu, mkwaruzo, ile sauti. Alisikiliza bila hata chozi. Halafu akanishika kola kwa mikono miwili.

"Na wewe ulimjibuje?"

Nikamtazama machoni.

"Nilimwambia ni yenyewe."

Akaangua kilio, na katikati ya kilio akacheka. Hakuwa amecheka vile tangu msiba. Jioni ileile alitandika kitanda cha mtoto.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Kila magharibi anaketi kizingitini, mlango wazi. Nikimwomba aingie ndani, ananijibu kwa upole:

"Tumpe muda, Baba Chiriku. Huenda huko alikotoka ni mbali."