Nusu ya Manila

Karatasi ya manila ilikuwa imebaki moja tu katika duka la vifaa vya shule pale Kashaulili, mjini Mpanda, na mikono miwili iliishika kwa wakati mmoja.

"Achia, dada. Nimeiona kwanza."

"Dada yako yuko kwenu. Achia wewe!"

Hakuna aliyeachia. Karatasi ikachanika katikati, wateja wakaangua kicheko. Minza Malale, karani wa takwimu wa mradi wa maji, alivaa sketi ya marinda na blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Makarius, mchoraji wa mabango wa mtaa wa Majengo, alikuwa na suruali yenye madoa ya kila rangi, na macho ambayo Minza aliyachukia papo hapo kwa sababu yalikuwa mazuri. Kila mmoja aliondoka na nusu yake, akisonya.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza mwaka ule wa 1996, kwa ugomvi, na usidhani ugomvi uliisha. Kesho yake Makarius alikwenda ofisini kuomba radhi, akaishia kumtukana tena, kisha wakaenda kula samaki, migebuka ya kukaanga. Wiki mbili baadaye Mpanda nzima ilijua wanapendana, ila wenyewe walikuwa bado wanabishana.

"Mrembo kama wewe, mdomo huo uliurithi kwa nani?"

"Kwa baba. Ana ng'ombe wakali, anawashinda kwa mdomo."

"Basi mpenzi, na mimi nitafute fimbo."

"Thubutu!"

Wakati huo kamati ya maji ya kijiji cha Majimoto ilikuwa inasubiri chati ya Minza. Vitongoji tisa, kisima kimoja cha kuchimbwa. Chati ingeonyesha wanawake wa kila kitongoji wanatembea muda gani kufuata maji, na mashine ya kuchimba ingepelekwa penye pau, ule mstari mnene wa chati, ndefu kuliko zote. Makarius alikuwa na lake hapo. Mama yake, Hana, aliishi peke yake kitongoji cha Ng'ambo ya Korongo la Mawe Mekundu, na alitembea saa tatu kwa ndoo moja.

Sasa jina refu namna hiyo utaliandika wapi kwenye nusu ya manila? Minza aliyasimamisha majina chini ya pau, herufi zikapanda juu, na kuyasoma ilibidi ulaze kichwa begani. Makarius alicheka mpaka akakaa chini.

"Unataka wazee wa watu wavunjike shingo? Niachie niandike mimi."

"Kazi ya ofisi si bango la kinyozi!"

Kwa hasira Minza akayafuta majina yote. Akaweka namba, moja hadi tisa, kuanzia pau ndefu kushuka. Maelezo ya namba aliyaandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Kisha akaikabidhi chati kwa bosi wake, Bwana Apollinarie, aende nayo Majimoto.

Msichana msomi, lakini hapo alikosea vibaya. Vitongoji vya Majimoto vilikuwa na namba zao tangu zamani kwenye daftari la mtendaji wa kijiji, na kila mtu, hata asiyejua kusoma, aliijua yake. Namba moja ilikuwa Sokoni, penye bomba tayari. Namba saba ilikuwa kwa Mama Hana. Chati ikaegemezwa ukutani nyuma ya meza, maelezo ya chini yakafichika. Kamati ikaona moja ni ndefu, saba ni kipande tu. Wajumbe wa Sokoni wakapiga makofi. Nani anakataa kisima mlangoni?

Jioni simu ya ofisi ikalia. Aliyepiga ni Makarius, yuko posta, amerudi kutoka kwa mama yake.

"Umeandika mama yangu anatembea dakika kumi! Dakika kumi, Minza? Analia kule!"

"Saba si mama yako! Yeye ni namba moja. Hamkusoma maelezo?"

"Maelezo gani? Mwongo mkubwa! Usinijue tena."

Minza aliibamiza simu. Alilia kwa hasira, halafu akalia kwa kuelewa kosa lake. Mashine ingeanza kuchimba Sokoni Jumatatu.

Kesho yake alfajiri alisimama mlangoni kwa Makarius, kanga kiunoni, nywele hazijachanwa, mkononi ana ile chati aliyoirudisha bosi.

"Nipe nusu yako ya manila."

"Toka."

"Sitoki. Nitukane huku unachora."

Makarius akaitoa nyuma ya kabati. Hakuwa ameichora kitu. Wakaigeuza chati upande mtupu, wakaziunganisha nusu mbili kwa gundi ya unga.

"Hayaenei majina," Minza alinung'unika.

"Kwa sababu unalazimisha pau zisimame. Zilaze!"

Majina yakakaa kushoto, yamelala sawasawa, mazima bila kukatwa. Pau zikakimbilia kulia. Ndefu kuliko zote ikakaa juu.

Jumapili baada ya misa Minza alisimama mbele ya kamati na kusema kosa lilikuwa lake. Wajumbe wa Sokoni walimzomea. Mmoja alisema amekula hongo. Ndipo Mama Hana, aliyejifunza kusoma ukubwani, alipoinuka, akasogea na kuweka kidole kwenye karatasi.

"Ng'ambo... ya Korongo... la Mawe... Mekundu. Saa tatu." Akageuka. "Na hii fupi ni Sokoni. Nani anabisha? Aje asome!"

Hakuna aliyekwenda. Mashine ikahamishwa. Bwana Apollinarie, aliyeaibika, alimwambia Minza barua ya kuachishwa kazi ataikuta mezani.

"Umefukuzwa kwa ajili yangu," Makarius akasema nje.

"Kwa ajili ya mama yako. Wewe bado nakuchukia."

"Nichukie ukiwa kwangu, basi. Nitakuoa, Minza. Nimechoka kugombana na wewe barabarani."

Minza akampiga ngumi ndogo begani, akacheka. Mama Hana akamshika mkono.

"Jina lako kamili nani, mwanangu?"

"Minza binti Malale Manyanda."

"Refu," akasema mama. "Lakini nyumbani kwetu litaenea."