Gunia la Ndagala wa Maulidi

Mwaka mmoja baada ya uhuru, pale Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, Mwavita alikuwa akimsaidia mama yake, Biasha, kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani kila asubuhi kabla ya shule. Kazi yenyewe ni kugeuza na kugeuza tena mpaka samaki wakauke kabisa.

Siku moja Biasha, akiondoka kwenda Kigwena kutafuta mawese, alimwambia: "Wabichi usiwachanganye na wakavu, mutoto wangu. Gunia hili ni la maulidi."

"Ndiyo, mama."

Ndiyo gani! Wenzake walimwita kuoga ziwani, naye akaenda. Wingu lilipotanda alirudi mbio, akatia wabichi chini, wakavu juu, akafunga gunia. Kesho yake aliligusa, akakuta chini kuna joto. Akanyamaza.

Siku ya maulidi wapishi walisikia harufu. "Pilipili na mawese vitaimaliza," wakasema, wakamimina ndagala wengi sufuriani. Usiku haujaingia, watu walikuwa wakitapika, nyuso nyekundu, vichwa vinawagonga.

Lawama zote zikamwangukia Lukeba, mvuvi kutoka Kongo aliyewavua ndagala wale. "Huyu ametuletea samaki ya kuoza!" Aliapa, hawakumsikiliza. Walizitupa nyavu zake majini. Mwavita alikuwa amesimama palepale, akizitazama zikizama. Aibu iliyoje!

Siku ya pili muuguzi Assumani alikuja kuliangalia gunia. Chini bado lilikuwa na maji, na samaki waliobaki walikuwa uji mtupu.

"Biasha, hawa walifungwa wabichi," alisema. "Vijidudu visivyoonekana kwa macho hutoa maji ya kuyeyusha nyama na kuifanya sumu. Penye unyevu na joto, maji hayo hufanya kazi upesi. Ukikausha vizuri, kazi yake inasimama. Lakini sumu ikishaingia, moto hauitoi, wala pilipili."

Maji hayo ninyi darasani mnayaita vimeng'enya. Mwavita hakulijua jina, ila kosa alilijua. Akaangua kilio, akasema yote.

Biasha alimshika mkono mpaka pwani, akamsimamisha mbele ya watu, akamwambia arudie. Watu wazima waliinamisha vichwa. Mmoja akauliza, "Lukeba iko wapi, tumuombe radhi?"

Alikuwa amekwisha vuka ziwa alfajiri, na mkewe na watoto wake.

Mwavita alimtazama mama yake. Biasha hakumpiga.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "tungetupa samaki tu. Sasa tumemtupa mtu, na sijui nimtafute wapi."