Zamu Ndani ya Jiko la Injini

Kazi iliyobaki ilikuwa ya nusu saa tu. Safu tatu za mwisho, kisha Runji akae chini aandike kama lile garimoshi la zamani litawashwa kesho au halitawashwa. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Joto la bondeni, chini ya Siakago ukielekea Ishiara, lilikuwa limeanza kulegea, na mbuzi walikuwa wakirudi nyumbani wakikanyaga reli kana kwamba waliwekewa wao.

Garimoshi lenyewe lilikuwa dogo, la kubebea katani enzi za mzungu. Lilikuwa limelala ndani ya banda la mabati zaidi ya miaka sitini. Sasa lilikuwa na kamati, lilikuwa na rangi mpya ya kijani, na reli yake ya kilomita mbili ilikuwa imefukuliwa kutoka kwenye miiba. Hema la wageni lilikuwa linasimamishwa. Kilichokosekana ni sahihi ya Runji.

Runji alikuwa mtu wa boila. Hakusomea popote. Alianza kwa kupasua kuni katika kiwanda cha majani chai huko juu Embu, akaishia kuwa yule ambaye mainjinia wenye vyeti walimwita pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini. Hasira zake zilikuwa karibu, hilo hakulikana. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba Runji alimdanganya kuhusu boila. Na safari hii alikuwa na sababu kubwa zaidi. Mtu wa kutia kuni kesho, wa kusimama uso kwa uso na mlango wa jiko, alikuwa mtoto wake mwenyewe, Mugendi.

"Mzee, umegonga hiyo kitu tangu asubuhi," Stephen, fundi wa kuchomelea, alimwambia huku shavu limejaa majani ya muguka. "Ingekuwa na kichwa saa hii ingekuwa inameza dawa."

"Na wewe ungekuwa na masikio ungejua ni kwa nini nagonga."

"Si uandike tu iko sawa. Mwenyewe unajua iko sawa."

"Nikijua nitaandika. Saa hii sijui."

"Basi wacha mtu akufungie huko ndani ulale. Utajua vizuri." Stephen akacheka, akaenda zake hemani.

Ednah, katibu wa kamati, alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na faili kifuani. "Baba Mugendi, naomba hiyo karatasi kabla giza liingie. Wageni wanafika kesho saa tatu."

"Utaipata, madam. Ikiwa ya ukweli."

Akavua koti, akaingia.

Jiko la injini ya mvuke ni sanduku la chuma lenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Katikati ya kuta hukaa maji, nafasi ya vidole vinne tu. Kinachozishika zisiachane ni vyuma vifupi vinene, mamia yake, ambavyo mafundi huviita stei. Zikikatika za kutosha, ukuta unafumuka, na mvuke unampika aliyesimama mbele. Hakuna mashine ya kukupa jibu huko bondeni. Unaingia na nyundo, unagonga moja moja, unasikiliza. Iliyo nzima huimba. Iliyokatika hulia kama gunia la ndengu.

Tundu la kuingilia lilikuwa na upana wa sinia. Mikono kwanza, kisha kichwa, kisha bega moja, kisha la pili. Runji alizaliwa mwembamba, ndiyo maana aliweza.

Ndani kulinuka masizi ya kale na kutu. Hungeweza kusimama. Hungeweza kunyoosha miguu. Alikaa amejikunja juu ya chanja ya chuma, tochi mdomoni.

Ngiii.

Akaweka alama ya chaki.

Ngiii.

Nyingine.

Kule hemani wakawasha jenereta. Likanguruma mpaka mabati ya banda yakatetemeka. Runji akatukana kimoyomoyo, kwa sababu hakusikia tena mlio wa stei. Akazima tochi asimalize betri. Akatulia gizani, akingoja wajaribu taa zao wamalize.

Ndipo mlango wa jiko ulipofungwa.

Kla.

Na komeo la nje likaanguka mahali pake.

"Nani huyo? Fungua."

Jenereta tu.

"Stephen, nitakuvunja meno. Fungua."

Akapiga mlango kwa kiganja, akapiga kwa kisigino. Chuma kinene hakijali kisigino. Akapiga kelele mpaka koo likawaka. Halafu akajiambia awe mtu mzima. Watamtafuta. Karatasi wanaitaka. Akawasha tochi, akaona heri amalize kazi kuliko kukaa bure.

Akagonga.

Nyuma ya mgongo wake... du.

Hakuisikia kwa masikio. Aliisikia kwa mgongo, pale ulipoegemea ukuta. Kitu kilikuwa kimegonga kutoka upande wa pili. Kutoka ndani ya ile nafasi ya vidole vinne.

Ni mwangwi, akajiambia. Akagonga mara mbili.

Du. Du.

Kimya kidogo.

Du.

Runji hakuwa ameigonga hiyo ya tatu.

Harufu ikabadilika. Masizi yakaondoka, ikaja harufu ya ngozi ya mbuzi iliyopashwa moto, na makaa, na jasho bichi la mtu anayefanya kazi. Runji aliijua. Ilikuwa harufu ya mivukuto ya babu yake. Babu alikuwa mhunzi, na katika boma lile mtoto aliruhusiwa makosa mengi, lakini si moja: kugonga chuma kikiwa baridi huku anasema neno. Chuma hufuliwa kikiwa na moto. Mhunzi akikigonga baridi, na kila pigo akalipatia neno, huyo hafui kitu. Huyo analaani. Na laana ya mhunzi, wazee walisema, haina njia ya kurudi nyuma. Runji aliyaacha mambo hayo siku aliyobatizwa. Aliwacheka walioyaogopa.

Sasa hakucheka. Ngurumo ya jenereta ilikuwa ikizama, ikienda mbali, kama redio iliyofunikwa na blanketi. Mwanga wa tochi ukawa rangi ya chai.

Na katika ule utulivu, mtu akavuta pumzi.

Karibu sana. Karibu na sikio.

"Nani... ananipokea?"

Sauti ilikuwa kavu, imechoka. Runji akafa ganzi. Neno lile alilijua kuliko sala. Miaka ishirini na tisa kiwandani alikuwa analisema kila alfajiri, kwa sababu mtu wa boila hawezi kwenda nyumbani zamu ikiisha. Anakwenda nyumbani akipokewa.

"Zamu yangu iliisha zamani. Nani ananipokea?"

Kuta zilionekana kusogea. Goti lake lilikuwa kifuani, kichwa kimegusa dari, hewa haimtoshi. Kitu kama kiganja, kigumu, chenye sugu, kikatua begani mwake kwa upole. Kikamshika. Kikaanza kumvuta nyuma, ukutani.

Kuna watu ambao hofu ikiwazidi hulia. Kwa Runji iligeuka hasira, kama siku zote. Aliona shavu la Stephen lililojaa muguka. Alisikia kile kicheko. Akainua nyundo, akaupiga ukuta kwa nguvu zake zote, na kila pigo lilitoka na neno lake.

"Aliyefunga. Mlango. Huu. Ndiye. Atakupokea."

Mapigo matano.

Chuma hakikuimba.

Kiganja kikaachia bega. Nje, polepole, komeo likajiinua. Mlango ukafunguka, na ngurumo ya jenereta ikaingia kama maji.

Alipojitoa hakukuwa na mtu kwenye injini. Chini ya ngazi alisimama Gatakaa tu, mama mlinzi wa banda, kamba ya mbuzi mkononi. Hakumtazama usoni. Aliitazama nyundo.

"Baba Mugendi," akanong'ona. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na hakuna mtu."

"Nimesikia unagonga na maneno."

Runji akaketi juu ya reli. "Kuna nini humo ndani, mama?"

Gatakaa akatazama nyuma kwanza. "Mimi nilisikia kwa mama yangu. Kulikuwa na muturi, mhunzi wa shamba la katani. Aliingia kugonga vile wewe unagonga. Mlango ukafungwa, na mpaka leo haijulikani ni nani alifunga. Aligonga mchana wote. Walipofungua..."

"Walipofungua?"

"Walipata nyundo. Tangu hapo haijawashwa. Watu walikataa." Akasogea karibu. "Wewe ulimtaja nani?"

"Sikutaja jina. Nilisema aliyefunga mlango. Ni Stephen."

"Stephen?" Gatakaa akatikisa kichwa. "Stephen tumekuwa naye kwa hema tangu uingie. Tulikuwa tumeshika nguzo moja, na yeye hakuiachilia."

Mugendi akatokea nyuma ya banda na mzigo wa kuni begani. Miaka ishirini na minne, fulana ya kamati, jasho usoni.

"Ah, baba, kumbe uko hapa? Nilidhani umeenda kuoga. Hata nilikufungia mlango ya jiko, hawa njiwa wanapenda kulala hapo ndani."

Gatakaa akafunika mdomo kwa leso.

Runji alimtazama mtoto wake akishusha kuni, akizipanga vizuri, nyembamba upande huu, nene upande ule, kama alivyomfundisha. Halafu akasimama, akaenda moja kwa moja hemani, akachukua kalamu ya Ednah, akaandika kwa herufi kubwa: BOILA MBOVU. ISIWASHWE KAMWE.

Ednah aliisoma mara mbili. "Lakini mchana uliniambia stei mia mbili zimelia vizuri."

"Nimeandika."

"Mzee, zimekatika ngapi?" Stephen akauliza. Hakuwa anacheka.

"Nyingi."

"Ngapi?"

Runji, ambaye angekutajia safu na namba bila kutazama karatasi, akageuza uso. Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya boila. Uliingia mdomoni ukiwa mzito kama risasi, lakini aliusema, kwa sababu injini isiyowashwa haihitaji mtu wa kutia kuni, na mtu asiyetia kuni hana haja ya kuusogelea mlango ule.

"Mugendi, chukua koti. Tunaenda."

"Leo? Na kesho, baba?"

"Hakuna kesho. Nangoja kwa pikipiki. Usirudi kwa banda."

Alienda kwenye tangi la maji akanawa mikono, akanawa tena. Bega lilikuwa na alama tano nyekundu. Aliporudi kwenye pikipiki, Mugendi hakuwapo. Stephen alikuwa ameegemea mti, hatafuni.

"Kijana yako ako wapi?" Stephen akauliza, na Runji hakuelewa kwa nini anamwuliza hilo. Halafu akaona hakuwa anauliza. Alikuwa anaonyesha banda kwa kidevu. "Nilimwambia umetudanganya. Akataka kunipiga. Akasema baba yake hajawahi kudanganya mtu, kama umesema ziko mbovu basi ziko. Amechukua nyundo yako akamhesabie madam zilizokatika."

Runji alikimbia kama hakuwa na miaka sitini.

Ngiii.

Ngiii.

"Baba? Ni wewe?" Sauti ya Mugendi ilitoka ndani ya jiko, imechangamka. "Mbona hizi zote zinalia poa tu?"

"Toka. Toka saa hii."

"Wacha nimalize hii safu..."

Du.

Runji akatumbukiza mkono tunduni mpaka kwapani. Akapapasa. Mkono ukamshika. Akauvuta, akavuta na kulia, mpaka kichwa kikatoka, na bega, na bega la pili, na Mugendi akaanguka juu yake mzima, amejaa masizi, anapumua. Walikaa pale sakafuni. Gatakaa akasema asante Yesu. Runji akamshika mtoto usoni, mabegani, mikononi.

Viganja vilikuwa na sugu.

"Asante," Mugendi akasema taratibu, akijinyoosha mgongo kama mtu aliyekaa vibaya muda mrefu sana. Alinuka ngozi ya mbuzi. "Nilikuwa nimechoka."

Na ndani ya jiko, ambamo hapakuwa na mtu, kitu kikagonga. Kidogo. Kwa woga.

Kama mtu anayeuliza kama kuna aliye nje.

Hayo yana wiki tatu sasa. Runji hushinda bandani. Ameketi kwenye kibanda cha dereva, sikio kwenye chuma, nyundo magotini, na hathubutu kuinua nyundo kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu ili amtoe aliye ndani lazima ataje wa kumpokea. Amejitaja mwenyewe. Amejitaja mara mia. Hakuna kinachofunguka. Laana ilimtaja aliyeufunga ule mlango, na si yeye aliyeufunga.

Kamati imeleta mkaguzi mwingine kutoka Meru, mtu mwenye cheti. Amegonga stei zote na kuandika ukweli: boila ni nzima, garimoshi litakimbia. Wanaliwasha Jumamosi. Runji amepiga magoti mbele ya Ednah, na Ednah amemwonea huruma, akamwambia akapumzike, baba.

Anayeharakisha moto kuliko wote ni Mugendi. Ameshapanga kuni. Jana jioni alimletea Runji chai bandani, akasimama naye, wakasikiliza pamoja ule mlio mdogo wa kugonga ukutani.

"Usijali, baba," akasema. "Chuma kikipata moto kinanyamaza."