Esuime ya Mulumba

Jua lilikuwa likizama nyuma ya vilima vya mchanga wa mgodi, na Adolphine alikuwa ametoka nje kuanua nguo. Kazi ndogo ya kila jioni. Lakini kamba haikuwa yake. Wala ua, wala nyumba.

Ilikuwa mwaka ule wa tisini na tatu. Wiki mbili nyuma vijana walipita mtaa wa Manika na mapanga na nyimbo, wakiwatoa watu wa Kasai majumbani. Bilulu, ndivyo walivyowaita, wadudu, hata wale waliozaliwa papa hapa Kolwezi na kuchimba shaba ya mgodi wa Mashamba mpaka migongo ikapinda. Jirani yake Ndaya alitoka na sufuria moja kichwani, na mwanawe Mulumba wa miaka miwili mgongoni. Mumewe, Kabemba, alikuwa amepigwa hata hawezi kubeba kitu. Wakaenda kulala stesheni, gare kama wanavyoiita huku, pamoja na maelfu ya wengine, kungoja treni. Kesho yake, majivu ya jikoni kwa Ndaya hayajapoa, Adolphine na mumewe Nkulu walihamia nyumbani humo. Msiwahurumie, hakuna aliyewalazimisha. Kwao paa lilivuja, hapa halikuvuja, basi.

Kambani walikuta taulo, bado bichi. Taulo la pwani, pana kama shuka, la Wazungu kulalia mchangani. Kolwezi haina bahari, ina mashimo, lakini Kabemba aliliona kwenye nguo kuukuu za sokoni akampelekea mkewe, naye akalifanya la kumbebea mtoto. Esuime ya Mulumba, yaani taulo lake, ndivyo mtaa mzima ulivyolijua. Lilichapwa picha ya uso wa mtoto wa kiume, macho makubwa yamelowa, chozi moja limesimama shavuni. Mulumba hakupata usingizi mpaka asugue pembe ya taulo hilo puani, vidole viwili mdomoni.

Adolphine alilitamani siku nyingi. Na alijua la kujua, maana mama yake alimfunza: nguo iliyombeba mtoto ni ya mtoto huyo mpaka kaburini. Ukitaka kumbebea mwingine, mwenyewe akukabidhi kwa mkono wake. Alijua, akajifanya hajui. Alikuwa na Rachelle wake wa miezi minane, mtoto wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kuishi, masikio yametobolewa juzijuzi na kutiwa nyuzi nyeusi. Akamfunga mgongoni kwa taulo la mwenzake, na juu yake akajitanda kikwembe, kitenge chake.

Basi jioni hiyo, nguo mkononi, akasikia mtu anakohoa nje ya ua.

Alikuwa Ndaya. Amekonda, miguu imejaa vumbi. Hakuuliza habari za nyumba. Hakutazama hata mlango.

"Mama Rachelle, minakuomba ile esuime," alinong'ona. "Mutoto iko na homa. Kule gare baridi ni mingi, na bila ile halale."

Adolphine aliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, kama inavyokuwa kwa mwenye makosa.

"Baliibeba na bitu bingine," alisema. "Mi sikuionaka."

 Macho ya Ndaya yalishuka taratibu mpaka kiunoni kwa Adolphine, mahali pembe ya taulo ilipochungulia chini ya kikwembe. Akaitazama muda mrefu.

"Sawa, mama," alisema, akaondoka.

Siku ya pili Rachelle aliacha kulia.

Mtoto aliyekuwa akiamsha mtaa kwa njaa, kimya. Nkulu akafurahi, akasema sasa wamelala vizuri. Adolphine hakufurahi. Taulo halikuwa sawa. Alilianika tangu asubuhi, jua kali, likakauka lote isipokuwa mahali pamoja. Shavuni. Kwenye lile chozi. Alipaminya kwa kidole, maji yakatoka... ya vuguvugu. Na harufu ikaja, ya moshi na mkojo na watu wengi waliolala nje.

Siku ya tatu Rachelle alianza kukohoa. Kikohozi kizito, si cha mtoto wa miezi minane. Jioni umeme wa bwawa la Nzilo ulikatika kama kawaida, na Adolphine akawa anapepeta unga kwenye mwanga mdogo wa mlangoni, mtoto mgongoni. Akasikia kitu kinakwaruza.

Kwaru... kwaru...

Akageuza shingo. Rachelle alikuwa ameshika pembe ya taulo, anaisugua puani. Vidole viwili mdomoni. Macho yake yalimtazama Adolphine kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akatoa vidole, akaita mama wazi kabisa, kwa Kiluba cha Kasai ambacho hakuna aliyemfundisha.

"Mamu?"

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini ya Adolphine hayakungoja wajukuu. Aliacha unga pale pale, akakimbia hadi stesheni.

Treni ilikuwa imefika. Watu walikuwa wakipandishwa kwenye mabehewa ya kubebea madini, na Ndaya alikuwa kando ya behewa la mwisho, mikono mitupu. Adolphine alimhamishia mtoto kifuani, akafungua taulo.

"Esuime yako hii, mama. Kamata. Unisamehe."

"Ya nini sasa?" Ndaya alisema. "Ile siku nilitoka kwako, nilimukuta amekufwa. Tulimuzikaka mu mufuko ya simenti."

Mtoto aliyekuwa kifuani kwa Adolphine alinyoosha mikono yote miwili kwa Ndaya. Ndaya akamwangalia. Akaona vidole viwili vikirudi mdomoni, na uso wake ukavunjika. Alimgusa shavu, mara moja tu.

Adolphine alitazama taulo lililoanguka miguuni pake.

Mtoto wa kwenye taulo alikuwa amefumbua mdomo, analia. Masikioni alikuwa na nyuzi nyeusi.

"Mukamate yeye basi," Adolphine alisihi, "unirudishie wangu."

"Huku mu treni atakufwa tena," Ndaya alisema polepole. "Alirudia kwabo, mu nyumba ya baba yake. Umulee muzuri." Akapanda. Hakugeuka.

Mtoto yule yupo mpaka leo, msichana mzima, ana afya. Mwenye nyumba, ndivyo Nkulu anavyomtania, kwa sababu tangu udogoni hakubali kulala penginepo. Nkulu hajui anachosema.

Taulo halikufuliwa tena. Adolphine alijaribu mara moja tu, na alipolikamua alisikia sauti anayoijua, ile iliyokuwa ikiamsha mtaa. Sasa hulianika juani kila asubuhi na kuliingiza kabla ya magharibi. Hulikunja mwenyewe, uso juu, ili mwanawe apate kupumua.