Sokwe Aliyepewa Akamwani

Walipoingia, kiganja cha sokwe kilikuwa kimelala juu ya goti. Walipotoka, kilikuwa kimegeuka juu, wazi, kama cha mtu anayengoja kupewa kitu. Mutalemwa aliliona hilo. Lakini alikuwa na hasira, akapita.

Siku ilikuwa imemwendea kombo tangu asubuhi. Toka Pasaka alikuwa amemwahidi mkewe Georgina, na binti yao Nancy wa miaka saba, kwamba atawapeleka kwenye makumbusho mapya ya wanyama kule karibu na ziwa. Pasaka ikapita, mitihani ya shule alikofundisha ikaja, mvua zikaja. Jumamosi hii alipopata nafasi, umeme ulikuwa umekatika. Chumba cha samaki kilikuwa kwenye matengenezo. Ufunguo wa chumba cha nyoka alikuwa nao mtu aliyekwenda msibani Muleba. Kikabaki chumba kimoja chenye giza na harufu ya dawa ya nondo, ndege waliopauka ukutani, na sokwe mzee aliyejazwa pamba, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango.

"Ndiyo yote?" Georgina aliuliza.

"Ndiyo yote," Mutalemwa alijibu, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga vyumba.

Kilichommaliza kabisa ni Nancy. Mzee aliyekata tiketi mlangoni alimsalimia, mtoto akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Mutalemwa akamvuta pembeni.

"Nimekufundisha nini? Mtu mzima akiwa ameketi mbele yako, unafanya nini?"

"Ninapiga magoti, Tata. Ninamsalimia. Ninampa akamwani."

"Na akiondoka?"

"Ninamwambia karibu tena."

"Sasa mbona unanitia aibu?"

Mtoto akainama. Mfukoni mwake alikuwa na akamwani kidogo, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo nyumba ya Kihaya humpa mgeni atafune kabla ya maneno mengine. Bibi yake alikuwa amemletea kutoka Muleba, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Walipoondoka, Nancy alibaki nyuma kidogo, kisha akawafuata mbio, akifuta mkono kwenye gauni. Mutalemwa hakuuliza. Alikuwa akitafuta bajaji kwenye manyunyu.

Nyumbani kwao Ijuganyondo, harufu ilikuwa imewatangulia.

"Umeweka dawa ya nondo kabatini?" Georgina aliuliza.

"Mimi? Tangu lini nikagusa kabati lako?"

Kiti cha wageni kilicho karibu na mlango kilikuwa kimebonyea katikati. Mutalemwa aliupiga mto ukainuka. Alipogeuka, ukashuka tena, taratibu, kama unavyoshuka mtu mzito anapoketi kwa uangalifu. "Sponji za siku hizi," alinung'unika, akaenda kulala.

Jumatatu jioni, mvua ikipiga bati, alikuwa sebuleni akisahihisha insha alipoanza kusikia kutafuna. Kulikuwa kukavu. Kulikuwa kwa polepole. Kulitoka kwenye kiti. Aliponyanyua kichwa, kukanyamaza, alipoinamisha, kukaendelea. Na Nancy, aliyekuwa mezani na sahani yake ya ndizi na maharage, alikuwa ameisukuma sahani hadi ukingoni, upande wa mlango.

"Kula, Nancy."

"Mgeni hajala, Tata."

"Mgeni gani? Usinichoshe!"

Hakula siku hiyo, wala iliyofuata. Zahanati walisema hana malaria, hana minyoo, apewe uji. Uji nao aliusukuma kuelekea kitini. Alhamisi, Mutalemwa alipombeba kumpeleka kitandani, mikono yake ilipaa juu kuliko alivyokusudia. Mtoto alikuwa mwepesi. Hakuwa amekonda, mashavu yalikuwa yale yale, mapaja yale yale, lakini alikuwa mwepesi kama kitu kilichotolewa vya ndani kikajazwa pamba. Na macho yake yalikuwa yaking'aa tu, hayapepesi.

Mchungaji alikuja, akaomba vizuri. Kutafuna kulisimama aliposema "Amina", kisha kukaendelea.

Hapo uvumilivu ulimwishia Mutalemwa. Siku nzima kazini alikuwa ameulizwa kwa nini insha hazijarudi, nyumbani mke analia, mtoto hali, na katikati ya yote hayo kuna kitu kimekaa kwenye kiti chake kinatafuna kama kiko kwao. Alikirukia kile kiti, akakipindua kwa teke, akapaza sauti hadi majirani wakasikia: "Toka! Toka nyumbani kwangu!" Kutafuna kukakatika, na katika ukimya ule, huku mvua ikipiga na harufu ya ngozi kuukuu ikipanda mpaka kooni, alisikia kukianza tena nyuma yake, karibu zaidi, akageuka na kumwona Nancy amesimama katikati ya sebule, macho wazi, mdomo mtupu, taya likienda juu na chini, juu na chini, likitafuna kitu kisichokuwepo.

"Nakwenda Miembeni," Georgina alisema kwa sauti ya chini. "Kwa Mzee Zahoro."

"Sisi ni Walutheri, Georgina."

"Ndiyo. Walutheri wenye mtoto mwepesi. Nipishe."

Mzee Zahoro alikuja na ubani na msahafu. Alisoma kitambo, kisha akaufunga, akachuchumaa mbele ya Nancy.

"Mjukuu wangu, ulimpa nini?"

Taya likatulia. "Akamwani," Nancy alinong'ona. "Kule makumbusho. Alinyoosha mkono. Nikapiga magoti. Kama Tata alivyosema."

Georgina alimbeba mtoto, akampeleka chumbani, akafunga mlango.

"Mwalimu," Mzee Zahoro alisema, "jini aliyevunja mlango ninaweza kumtoa. Huyu alikuta ngozi tupu, akaingia, akakaa akingoja mtu mwenye adabu. Sasa ni mgeni wenu. Mgeni hafukuzwi. Umejaribu, umeona."

"Sasa nifanye nini? Nimpikie?"

"Umsindikize mpaka kwake, kwa miguu, na maneno mazuri. Ukifika, muage, geuka, ondoka. Lakini kuna neno moja usiliseme hata kwa mazoea. Usimwambie karibu tena. Ukisema hivyo, umemwachia mlango."

Waliondoka Jumamosi asubuhi, Mutalemwa upande huu, Georgina na Nancy upande ule, na katikati yao pengo la kumtosha mtu mmoja mnene. Harufu ilikaa kwenye pengo lile. Hata upepo wa ziwa haukuiondoa.

"Mwaka huu mvua ni nyingi, waitu," Mutalemwa aliliambia pengo, kwa heshima aliyompa baba mkwe wake tu. "Ndizi zitakuwa nzuri."

Upande wake wa kulia, kitu kilitafuna, kikaridhika.

Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo. "Mwalimu! Mmegombana? Mbona mnatembea mmeachana hivyo?"

"Pita, Ildefons! Pita upande ule!" Mutalemwa alifoka, kisha akageuka haraka kwenye pengo na kulainisha sauti. "Samahani, waitu. Vijana wa siku hizi."

Alisema habari za kahawa, za barabara, za shule. Koo lilikauka. Kila alipoishiwa maneno, hatua za mtoto zilipungua sauti kwenye changarawe, mpaka akaokota neno jingine, lolote, na lingine tena. Na chini ya maneno yote alikuwa akijirudia moyoni: usiseme, usiseme. Njiani alimkumbusha Georgina kwa jicho. Georgina akatikisa kichwa: sitasema.

Makumbusho, umeme ulikuwa umerudi. Sokwe alikuwa kwenye kigoda chake, kiganja wazi.

"Tumekufikisha, waitu," Mutalemwa alisema, akainama mpaka mgongo ukamuuma. "Ulikuja vizuri. Baki salama."

Harufu ilipita mbele ya pua yake ikaingia chumbani. Alipoinua macho, kiganja kilikuwa kimelala juu ya goti. Na mkono wa Nancy, aliyesogea akamshika, ulikuwa na jasho, na joto, na uzito.

"Nina njaa," Nancy alisema.

Mutalemwa alicheka kwa sauti, machozi yakimtoka. Alimnyanyua, na mikono yake ikalemewa, ikalemewa vizuri, na mzigo kamili wa mtoto wa miaka saba. Akageuka kama alivyoagizwa, akatoka bila kutazama nyuma. Kidevu cha Nancy kilikuwa begani mwake, uso wake umeelekea ndani.

Alikuwa amejionya yeye. Alikuwa amemwonya Georgina. Mtoto hakuambiwa kitu.

Alihisi mkono mdogo ukiinuka begani mwake, ukipunga.

"Karibu tena," Nancy alisema, kwa sauti safi, yenye adabu, kama alivyofundishwa.

Nyuma yao kigoda kilikwaruza sakafu. Na mikononi mwa Mutalemwa, taratibu, mtoto akaanza kuwa mwepesi.