Mafuta ya Kondoo

Gari lililopandishwa juu ya magogo halina sababu ya kulia, lakini lile lililia. Humphrey, fundi mwenye gereji hapo Same, alisikia springi ya nyuma ikiguna kama mtu anayetua mzigo, mchana kweupe, hakuna aliyeigusa. Akacheka. Humphrey alicheka kila asichokijua, na asivyovijua vilikuwa vingi.

Gari lenyewe lilikuwa la kale, la marehemu mume wa Bibi Eliakunda wa Vudee. Bibi alitaka lifufuliwe limpeleke mjukuu wake kanisani siku ya harusi.

"Vile vyuma bapa vya springi visafishe vyote," alimwambia, "ila cha chini kabisa usikitoe. Kilifuliwa na wahunzi wa kwetu. Kipake mafuta ya kondoo, basi."

"Bibi, hapa ni gereji, siyo kwenye tambiko. Siku hizi kuna grisi."

"Kuna kitu humo, mwanangu. Kilikuwa kinaangusha magari kwenye kona za kupanda Vudee. Wahunzi wakakifunga kwenye chuma, kibebe badala ya kuangusha."

"Nimekusikia, bibi." Akamkonyeza mkewe Rabia, aliyekuwa ameleta chakula. Bibi mwenyewe ni mzee wa kanisa, halafu anaogopa chuma!

Bibi alipoondoka tu, akaikata bolti ya katikati. Vyuma vikaachana. Akavisugua kutu kwa brashi ya waya, akapaka grisi kati ya kimoja na kingine. Kazi safi, tusimnyime haki yake. Kile cha chini kilikuwa cheusi, kimejaa alama za nyundo, na kilikuwa cha moto ingawa kilikaa kivulini tangu asubuhi. Kikanuka mafuta yaliyoungua. Mwenye akili angekirudisha palepale. Humphrey akakipeleka kwa mhunzi wa sokoni, maana panga la chuma cha springi halina mpinzani, akatafuta kingine cha kuziba pengo. Mhunzi hakuchelewa kukikata vipande.

Njiani kurudi, fundi wetu alihisi mkono begani. Akageuka. Barabara ilikuwa tupu, jua linachoma.

"Baba, mbona umeinama?" Rabia alimuuliza alipoketi kula.

"Nimechoka." Akanyoosha mkono achukue ugali, na kitu kikalia: kwiii.

"Nini hicho?" Rabia alinong'ona.

"Gari."

"Gari liko nje. Kimelia mgongoni mwako."

Akataka kucheka, ila kicheko kilikwama, kwa sababu uzito ulikuwa umempanda mabegani na unajipanga vizuri, goti huku, goti kule, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikamjia puani kutoka nyuma ya sikio lake mwenyewe, na kila alipovuta pumzi uti wake wa mgongo ulilia pingili kwa pingili, mpaka yule bingwa wa dharau akaanza kuita mama yake kama mtoto aliyepotea mnadani.

Rabia akampigia simu Bibi Eliakunda. Bibi akaja na kopo lake la mafuta ya kondoo.

"Shikamoo bibi," Humphrey aliguna kutoka sakafuni. Leo adabu ilikuwa imerudi.

"Marahaba. Kile chuma kiko wapi?"

"Nimekifanya mapanga."

Bibi akafyonza. "Mapanga! Basi kile kitu hakina pa kurudi. Kimebeba miaka yote, sasa kimeamua kubebwa."

"Kitaniua?"

"Mgongo ukikauka, utavunjika. Upakwe kila siku." Akamkabidhi Rabia kopo, wala hakumwonea huruma.

Siku ya harusi gari lilipita mjini taratibu, halitoi hata mlio mmoja, na watu wakamsifia fundi. Fundi alikuwa mlangoni kwake, amekunjika, jasho linamtoka, mkewe akimsugua mgongo kwa mafuta ya kondoo.

"Ongeza," ilisema sauti nzito.

Rabia akautazama mdomo wa mumewe. Ulikuwa umefungwa. Akachovya vidole kwenye kopo, akaongeza.