Makochi ya Jirani

Mambo yaliharibika Jumanne, siku ya wageni.

Asubuhi Chiriku alifagia uwanja, akachota maji, akawamwagia kuku pumba, kama kila siku. Wageni wenyewe walikuwa watu wa mfuko unaowasomesha udaktari vijana wa vijijini. Walikuwa waje kuona nyumbani kwao dada yake, aliyeomba kusomeshwa. Nafasi ilikuwa moja tu.

Chiriku alitazama sebule: mkeka na kigoda, basi. Aibu ikamshika. Dada alikuwa mtoni akifua, na baba, fundi baiskeli, yuko kibandani kwake. Chiriku akakimbilia kwa jirani, mama mwenye duka.

"Shikamoo, mama. Naomba utuazime makochi. Tuna wageni."

"Marahaba, Chiriku. Na televisheni je, hutaki?" mama alimtania.

"Nayo pia," alijibu bila kupepesa macho.

Mama alicheka mpaka akakaa, kisha akawaita vijana wa dukani wambebee.

Wageni walifika wawili: daktari, mama wa makamo, na bwana mmoja mwenye miwani. Baba na dada walipofika waliduwaa mlangoni. Baba hakutaka kumuumbua mtoto mbele ya wageni, akanyamaza.

"Sebule imependeza," alisema daktari.

"Na televisheni tunaangalia kila jioni!" Chiriku alidakia.

Bwana wa miwani alikohoa. "Mnajiweza, tunashukuru Mungu. Nafasi hii ni ya wasiojiweza." Wakaaga kwa heshima.

Dada hakulia. Alichukua kitambaa cha kichwa cha marehemu mama yao, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Mama alifia njiani, akipelekwa hospitali ya mbali. Zahanati ya kijiji ilikuwapo, imepakwa rangi vizuri. Wakubwa walikuja kuizindua kwa hotuba ndefu, wakala, wakaondoka. Daktari hawakumleta.

Chiriku alikitazama kile kitambaa. Akatoka mbio, akalifikia gari likiwashwa.

"Shikamooni tena! Makochi si yetu! Televisheni si yetu, hata umeme hatuna! Nimeazima mimi, dada hajui lolote. Msimnyime kwa uongo wangu!"

Daktari alimfuta machozi kwa kiganja. "Basi turudi, mwanangu. Tukakae kwenye mkeka wenu."

Wakakaa. Dada akaeleza habari za mama, polepole.

"Ukihitimu utarudi huku kweli?" aliuliza bwana wa miwani. "Wengi huahidi."

"Nitarudi. Barabara iliyomshinda mama naijua, kila shimo."

Bwana alivua miwani, akaifuta. Daktari alimshika dada mkono. "Nafasi ni yako, binti."

Jioni walirudisha makochi. Njiani baba alimwekea Chiriku mkono begani.

"Mwanangu, ulitaka kutupamba, ukatuficha. Kukosa kiti si kosa. Kosa ni kudanganya, na mimi niliponyamaza nilikosa pamoja nawe. Ukweli wako ndio umemrudishia dada nafasi. Ushike hivyo hivyo."

"Ndiyo, baba." Walipita mbele ya zahanati. Mlango wake ulikuwa na kufuli. "Lakini dada atasoma miaka mingi. Mpaka arudi, tukiugua nani atatutibu?"

Baba alisimama, akalitazama lile kufuli.

"Hilo niliwauliza wakubwa siku tuliyomzika mama yenu," alisema. "Bado nangoja wanijibu."